Mashine haijui kipi kilitangulia: nilivyochagua vigeu vya tasnifu yangu Kigoma

Kama una data mkononi na unatafuta mtu wa kukufanyia uchambuzi, soma hii kwanza. Mimi ni muuguzi mkunga hapa Kigoma. Shahada ya uzamili niliisoma nikiwa kazini, kwa mshahara wangu na mkopo wa kikoba. Tasnifu yangu ilihusu jambo linalomsumbua kila mkunga wa huku: kwa nini akina mama wengine bado wanajifungulia nyumbani, wakati majirani zao wanafika kituoni? Matokeo ni mawili tu, nyumbani au kituoni, na kwa matokeo ya namna hiyo regresheni ya lojistiki ndiyo chombo chake, yaani hesabu inayopima kila jambo linahusiana kiasi gani na kutokea kwa moja kati ya hayo mawili. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa vigeu gani, yaani mambo niliyoyapima kwa kila mama, viingie kwenye modeli na viingie kwa utaratibu gani, na huo ndio ulionichelewesha kuvaa joho.

Ukusanyaji wa data sitausimulia sana. Vijiji vya mwambao, ukielekea Kagunga, tulikwenda kwa boti kutoka Kibirizi. Vya nchi kavu kwa pikipiki. Dodoso lilinenepa kwa sababu kila aliyelipitia aliongeza swali lake, na hakuna aliyekubali la mwenzake lipunguzwe. Nikaishia na vigeu zaidi ya thelathini: umri wa mama, elimu yake, elimu ya mume, idadi ya uzazi, mali za kaya, umbali, usafiri, muda wa safari, mara ngapi alihudhuria kliniki, aliambiwa nini huko kliniki, nani mwenye kauli ya mwisho nyumbani, na kadhalika hadi macho yanauma.

Msimu wa tasnifu, vijana wa takwimu wanapatikana kirahisi kwenye maduka ya stationery. Niliyempata mimi alikuwa mpole na mchapakazi, na sina ugomvi naye mpaka leo.

"Dada, wewe usiumize kichwa," aliniambia. "Nipe vyote. Mashine itachagua yenyewe vilivyo na maana."

Nikamlipa laki mbili na kitu. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu akina mama wale, nami sikuona la kumwambia. Baada ya siku chache nikaletewa jedwali safi lenye vigeu sita vilivyobaki, vyote vikiwa na nyota pembeni, alama ya kwamba vina maana kitakwimu. Nilifurahi kama mtu aliyemaliza.

Alichokifanya ni ile njia ya hatua kwa hatua. Programu inaanza na modeli tupu, inajaribu kila kigeu, inachukua chenye uzito mkubwa zaidi kitakwimu, kisha inarudia kwa vilivyobaki. Kwenye SPSS, ambayo ni programu ya takwimu, usipogusa mipangilio, kigeu kinaingia kikiwa na thamani ya p (uwezekano wa bahati tupu kuleta uhusiano wa nguvu hiyo au zaidi) chini ya 0.05 na kinatolewa ikipanda juu ya 0.10. Unaweza pia kuanza na vyote ndani ukawa unavitoa kimoja kimoja. Vyovyote utakavyokwenda, anayeamua ni thamani ya p iliyotokana na data hiyohiyo unayoichambua.

Siku ya kutetea, mtahini wa nje alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, kalamu mkononi. Alilitazama jedwali muda mrefu.

"Mwanangu, wewe ni mkunga wa Kigoma?"

"Ndiyo, Profesa."

"Umewafuata hawa akina mama kwa boti. Sasa mbona umbali haumo?"

Nikajibu kama nilivyofundishwa, kwamba umbali haukuwa na maana kitakwimu kwa hiyo programu iliutoa. Akatikisa kichwa, akashusha kalamu hadi mstari wa kwanza wa jedwali. Mstari ule ulisema "mtoto alipimwa uzito ndani ya saa 24", na uwiano wake wa odi (namba ya nguvu ya uhusiano, ambapo 1 ni hakuna tofauti) ulikuwa mkubwa ajabu, na masafa yake ya uhakika, yaani kuanzia wapi hadi wapi namba ya kweli inaweza kuwa, hayakuwa na mwisho wa maana.

"Na huyu mtoto," akasema, "alipimwa uzito kabla mama yake hajaamua pa kujifungulia?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mimi nilihisi masikio yanapata moto, maana jibu nilikuwa nalijua tangu nikiwa mwanafunzi wa ukunga. Mtoto anapimwa kwa sababu amezaliwa kituoni. Mizani iko kituoni. Kile kigeu kilikuwa matokeo yenyewe yamevaa koti lingine, na programu, ambayo haijui kipi kilitangulia kipi, ilikidaka cha kwanza kabisa kwa kuwa kilifanana na jibu kuliko vingine vyote. Kikishakaa ndani, karibu kila kitu kingine kinakosa kazi ya kufanya. Umbali ulitupwa nje na mizani.

Nikarudishwa kufanya uchambuzi upya. Hiyo maana yake ni ada ya muhula mwingine, likizo iliyoisha, na kumweleza mume wangu kwamba ile sherehe isubiri. Nililia, siku mbili nzima sikufungua kompyuta. Msimamizi wangu naye hakunibembeleza. Aliniambia nisiiwashe hiyo kompyuta kabisa kwa sasa, nichukue karatasi na niandike kila kigeu nilichonacho kufuatana na lini kinatokea katika maisha ya mama: kabla ya mimba, wakati wa mimba, siku ya uchungu, baada ya kujifungua.

Kama utachukua jambo moja tu kwenye maelezo yangu, chukua hilo la karatasi. Kwa jioni moja vigeu vyangu vilipungua bila kukokotoa chochote. Vilivyotokea baada ya kujifungua vilitoka vyote: uzito wa mtoto, siku alizolazwa, kadi ya chanjo ilitolewa wapi. Halafu nikaona nimepima kitu kimoja mara tatu. Umbali kwa kilometa, muda wa safari kwa saa, na aina ya usafiri. Vitatu hivyo vinakwenda pamoja, na ukiviingiza vyote vinagawana nguvu, kila kimoja kinaonekana dhaifu, na njia ya hatua kwa hatua inachukua kimoja karibu kwa bahati na kuviacha viwili.

Nichague kipi? Hapo takwimu haikuwa na msaada. Nilikumbuka maneno ya mama mmoja wa mwambao. Nilikuwa nimemuuliza kituo kiko kilometa ngapi, akaniangalia kana kwamba nimeuliza rangi ya upepo. "Nesi, kwani ziwa lina kilometa?" Akanieleza kwamba siku ya shwari anafika mapema tu, ila miezi ya kiangazi, upepo wa kusini ukishaamka, hata mwenye injini haondoki, na uchungu hausubiri. Nikaachana na kilometa nikabaki na muda wa safari, na nikaongeza msimu aliojifungua, ambao ulikuwa umelala kwenye tarehe bila mtu kuutumia. Nilitaka pia kuona kama muda wa safari unauma zaidi kiangazi kuliko masika, yaani mwingiliano wa vigeu viwili. Ukifanya hivyo, muda wenyewe na msimu wenyewe lazima vibaki kwenye modeli hata kama kimojawapo kikisimama peke yake hakina nyota. Programu zingine za hatua kwa hatua zitakuruhusu kuacha mwingiliano ndani na kumtoa mzazi wake. Usikubali.

Sikuwa bado nimeamini kwamba ile njia ya mwanzo ni mbovu kiasi wanachosema. Ilinigharimu pesa, nilitaka kuiona ikikosea kwa macho yangu. Nikafungua jedwali la data nikatengeneza safu za namba za kubahatisha, ishirini, hazihusiani na mtu yeyote wala kijiji chochote. Nikaziingiza pamoja na vigeu halisi nikaiacha programu ichague. Ikachagua moja yao. Kigeu cha upuuzi mtupu kikakaa kwenye jedwali katikati ya elimu na idadi ya uzazi, kimevaa nyota yake.

Baadaye nilielewa kwamba haikuwa ajabu. Ukijaribu vigeu 20 visivyo na uhusiano wowote na matokeo, kila kimoja kwa kipimo cha 0.05, uwezekano wa kupata angalau kimoja "chenye maana" ni 1 kutoa 0.95 iliyozidishwa yenyewe mara 20, yaani kama asilimia 64. Kisha nikafanya jaribio la pili: nikaondoa sehemu ndogo ya wanawake kwa bahati nasibu nikairudia kazi ileile. Orodha ikabadilika. Nikaondoa wengine, ikabadilika tena. Ni sawa na wavuvi wetu wa dagaa na taa zao: unapata waliokuja kwenye mwanga usiku ule, na huwezi kuapa kwamba ziwa lina hao tu.

Kibaya zaidi, namba zinazobaki kwenye jedwali zinajisifu. Kigeu kimechaguliwa kwa sababu katika sampuli hii kilitokea kuwa na nguvu, kwa hiyo uwiano wake wa odi huelekea kuzidi ukweli, masafa yake ya uhakika yanakuwa membamba kuliko inavyostahili, na thamani ya p inahesabiwa kana kwamba hukuwahi kujaribu kingine chochote. Mwanatakwimu Frank Harrell amelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. Laiti ningemsoma kabla ya kwenda stationery.

Jingine lililonishtua ni hesabu ya matukio. Ukubwa wa sampuli kwenye lojistiki hauhesabiwi kwa watu wote uliowahoji. Unaangalia upande wenye watu wachache. Tuseme umehoji wanawake 400 na waliojifungulia nyumbani ni 60. Mtaji wako ni hao 60, ndio wanaoitwa matukio. Watafiti Peduzzi na wenzake mwaka 1996 walipendekeza matukio yasiyopungua 10 kwa kila kigeu, kwa hiyo hapo una nafasi kama sita. Vittinghoff na McCulloch mwaka 2007 walionyesha kwamba mara nyingi hata kati ya 5 na 9 mambo yanakwenda, lakini hata kwa hao vigeu thelathini ni ndoto. Na kigeu cha elimu chenye makundi manne kinakula nafasi tatu, kwa kuwa kundi moja ndilo la kulinganishia. Halafu, na hapa wengi wanajidanganya, unahesabu vyote ulivyovijaribu, vilivyotupwa na programu vikiwemo. Huku kwetu tatizo litaendelea kukua, na kwa sababu nzuri: kitaifa, uzazi wa kituoni umepanda kutoka asilimia 63 kwenye utafiti wa 2015-16 hadi 81 kwenye ule wa 2022. Wanaojifungulia nyumbani wanapungua, na anayetaka kuwachunguza anahitaji sampuli kubwa zaidi kuliko aliyechunguza miaka kumi iliyopita.

Wenzangu wengi darasani walipita njia ya kati: unapima kila kigeu peke yake dhidi ya matokeo, kinachopata p chini ya 0.2 au 0.25 kinaingia kwenye modeli kubwa. Hiyo 0.25 imeenea kupitia kitabu cha Hosmer na Lemeshow, na nia yake ilikuwa njema, kulegeza mlango ili kigeu muhimu kisiachwe nje. Ila bado ni mlango unaolindwa na thamani ya p. Kuna vigeu ambavyo vikiwa peke yake vinaonekana havina lolote, na ukishaweka umri ndipo vinajitokeza. Mimi sikuutumia. Nikapata maswali kwa nini sikuutumia, nikajibu, yakaisha.

Nilichotumia ni kuingiza kwa mafungu, kwa ngazi. Victora na wenzake waliandika mwaka 1997 makala ambayo ningempa kila mwanafunzi wa afya ya jamii: unapanga vigeu kuanzia vya mbali, kama hali ya kaya, hadi vya karibu na tukio, unaingiza fungu la kwanza, kisha la pili juu yake, kisha la tatu. Mafungu yangu sikuyabuni. Kila mkunga amefundishwa ucheleweshaji wa aina tatu wa Thaddeus na Maine wa mwaka 1994: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Nikaweka elimu, mali za kaya, umri na idadi ya uzazi kwenye fungu la kwanza. Muda wa safari na msimu la pili. Mahudhurio ya kliniki na ushauri alioupata kuhusu dalili za hatari la tatu. Ucheleweshaji wa tatu wenyewe niliuacha, kwa sababu unatokea ukishafika kituoni, na aliyejifungulia nyumbani hakufika. Mizani ilikuwa imeshanifundisha.

Kwenye SPSS ni rahisi: unaweka vigeu vya fungu la kwanza, unabonyeza Next, unaweka vya pili. Njia iwe ya kuingiza vyote vya fungu kwa pamoja, usiiache kwenye kuchagua, la sivyo umerudi ulikotoka. Kila fungu linapoingia unaangalia namna kipimo cha -2LL, kinachoonyesha modeli iko mbali kiasi gani na data, kilivyoshuka, na ule mshuko unausoma kwa jaribio la khai-mraba, digrii za uhuru (namba ambayo jaribio hilo linaidai) zikiwa idadi ya vigezo, yaani zile nafasi, ulivyoongeza. Hilo linakuambia fungu zima limeongeza kitu au la. Vigeu vya makundi viingie vikiwa kundi moja. Mtu akikutengenezea elimu kwa safu za sifuri na moja kwa mkono, kisha programu ikachukua "sekondari" ikaacha "msingi", basi wale wa msingi wamechanganywa na wasiosoma bila wewe kuambiwa.

Sasa, kitu kilichonikosesha usingizi. Kwenye fungu la kwanza elimu ya mama ilikuwa na nguvu. Nilipoingiza fungu la tatu, ikafifia karibu kuisha. Ningekuwa yule wa mwanzo ningeandika kwamba elimu haina mchango. Lakini fikiria njia yenyewe: mama aliyesoma anaanza kliniki mapema, anasikia ushauri, anaweka akiba ya nauli ya boti. Elimu inafanya kazi kwa kupitia kliniki. Ukishaingiza kliniki umeifunga njia ambayo elimu inapita, halafu unashangaa haifiki. Kwa hiyo mchango wa kila kigeu unausoma kwenye hatua kilipoingia kwa mara ya kwanza, kikiwa na vya ngazi yake na vya juu yake, na kule mwishoni unasoma kilichobaki baada ya kutoa njia ulizozipima. Nikaandika zote mbili kwenye jedwali, safu tatu pembeni kwa pembeni, moja kwa kila hatua, na maelezo chini.

Tahadhari moja hapo, maana niliambiwa nayo nikiwa nimechelewa: uwiano wa odi unaweza kubadilika ukiongeza kigeu kinachohusiana na matokeo hata kama hakina uhusiano wowote na kile unachokichunguza. Ndiyo asili yake. Basi usitangaze kwamba kuna kigeu kinachovuruga, yaani kinachopotosha uhusiano unaouchunguza, kila unapoona namba imesogea kidogo.

Mambo mawili ya jikoni. Swali la kipato kwa shilingi wengi hawakulijibu, na SPSS ikikuta pengo kwenye kigeu chochote ulichokiorodhesha inamtoa yule mama mzima kwenye hesabu, hata kama kigeu chenyewe hakikuchaguliwa mwisho. Kwenye ule uchambuzi wa kwanza nilikuwa nimepoteza wanawake wengi bila kujua; idadi ilikuwa imeandikwa juu kabisa ya matokeo, mahali ambapo hakuna anayesoma. Nikatumia mali za kaya badala ya kipato. Na kumbuka -2LL za mafungu mawili huwezi kuzilinganisha kama waliomo kwenye hesabu si watu walewale.

La pili ni vijiji. Wanawake wa kijiji kimoja wanafanana: zahanati moja, gati moja, mkunga wa jadi mmoja. Ukiwahesabu kana kwamba kila mmoja anatoka sehemu yake, uhakika wako unakuwa mkubwa kuliko haki. Nilihamia Stata, programu nyingine ya takwimu, kwa ajili hiyo, nikaweka kijiji kama ngazi ya juu ya modeli, na masafa ya muda wa safari yakapanuka. Bado yalibaki upande mmoja wa 1, ila si kwa kishindo cha mwanzo.

Nikirudi kwa yule kijana wa stationery, nimempelekea wanafunzi wengine. Nawaambia waende na karatasi yao tayari: vigeu, mafungu, na sababu ya kila kimoja kuwa pale kilipo. Akiwa na hiyo anafanya kazi nzuri na haraka. Na kama kazi yako ni ya kutabiri, kwa mfano unataka alama za kuwatambua kliniki wajawazito wa kufuatiliwa, hapo mashine ina haki ya kusaidia kuchagua, lakini uombe lasso, ile ya Tibshirani ya mwaka 1996 inayozibana namba badala ya kuziacha zijisifu, na uipime kwa wanawake ambao haikuwahi kuwaona. Kwenye sura ya mbinu andika umeanza na vigeu vingapi, vingapi vimetoka, na nani alivitoa: wewe au programu.